Machozi ya Upande Mmoja

Leo nina ugomvi na wale wanaotunga michezo ya kuigiza juu ya vita, hapa Baraka na katika vijiji vyetu vya Fizi. Najua kwamba wengi wao ni vijana wema. Hawapati mshahara. Hujifunza maneno yao jioni, wakiisha kutoka shambani au ziwani, na siku ya sikukuu hutuchekesha, tena hututoa machozi. Kazi hiyo naisifu. Lakini mchezo wa vita ukitungwa kwetu, mara nyingi huenda njia moja tu: sisi ni kondoo, jirani ni chui. Sisi tunakufa, wao wanaua. Mama yetu analia mpaka watazamaji wote wanalia naye. Lakini mama yao haonekani kabisa, kana kwamba watu wale hawakuzaliwa na mwanamke. Mchezo ukiisha, watu wanarudi nyumbani na moyo mkali kuliko ule waliokuja nao.

Nasema wazi: mchezo wa namna hiyo ni hatari, na afadhali usichezwe. Wala sisemi hivyo kwa kuchukia michezo. Nasema kwa sababu naipenda, na kwa sababu Wayunani wa kale, waliojenga viwanja vya kuigizia vinavyosifiwa hata leo, walituachia njia nyingine. Njia ile ni ngumu, lakini ndiyo urithi wao wa kweli. Mawe ya viwanja vyao ni urithi mdogo.

Tuwaangalie kwanza watu hao. Katika mji wa Athene palikuwa na kilima kikubwa, na juu yake mahekalu ya mji. Ubavuni mwa kilima kile, upande wa kusini, watu walikaa mstari juu ya mstari, kama watoto wakaavyo kwenye mteremko wakitazama mpira chini. Chini palikuwa na kiwanja walichokiita orkestra, maana yake mahali pa kuchezea ngoma. Hapo liliimba na kucheza kundi lililoitwa khoros, na neno hilo ndilo lililozaa neno letu "kwaya". Basi kila Jumapili mnaposema kwamba kwaya imeimba vizuri, mnatumia neno la uwanja wa Wayunani, pengine bila kujua. Hapo mwanzo viti vilikuwa vya mbao, baadaye wakachonga mawe. Uwanja mwingine, ule wa Epidaurus, ungali unasimama baada ya miaka zaidi ya 2300. Una mistari 55 ya viti vya mawe, na hata leo, wakati wa kiangazi, michezo ile ya kale huchezwa humo.

Kila mwaka, baridi ilipokwisha, mji wa Athene ulifanya sikukuu. Watu maelfu walikusanyika. Ilikuwa desturi, kabla ya michezo, kuwapitisha mbele ya watu wote vijana ambao baba zao walikufa vitani, na ambao mji uliwalea kwa mali yake. Kisha washairi walishindana, na waamuzi waliochaguliwa kwa kura walitoa tuzo. Mnaona basi kwamba watu wale waliijua vita kama tunavyoijua sisi. Yatima wao walikuwa palepale uwanjani.

Sasa msikilizeni shahidi wangu. Mwaka 480 kabla ya Kristu, Xerxes, mfalme wa Uajemi, aliingia Athene na jeshi kubwa, akauchoma mji pamoja na mahekalu yake. Mwaka uleule Wayunani walizivunja merikebu zake karibu na kisiwa cha Salamis. Miaka minane tu baadaye, mwaka 472, mshairi Aeschylus alileta mchezo wake uitwao Waajemi. Mtu huyu hakuwa mwoga aliyejificha vita vikipita. Alipigana na Waajemi kule Marathon mwaka 490, na ndugu yake aliuawa palepale. Je, mngetazamia mchezo gani kwa mtu kama huyo? Bila shaka mngetazamia Waajemi watukanwe na kuchekwa, na watu wa Athene wapige vigelegele.

Lakini hakufanya hivyo. Mchezo wote uko nyumbani kwa adui. Kwaya ni wazee wa Uajemi wanaongoja habari za vijana wao. Mama wa mfalme anatoka, ameota ndoto mbaya. Mjumbe anafika, anataja majina ya wakubwa waliokufa. Mwishoni Xerxes mwenyewe anarudi, nguo zake zimepasuka, na wazee wanaomboleza pamoja naye. Hakuna hata Myunani mmoja anayesimama kusema katika mchezo huo. Watu wa Athene walikaa, wakatazama. Na juu ya vichwa vyao, kileleni mwa kilima, mahekalu yaliyochomwa na Waajemi walewale yalikuwa bado magofu. Je, walimpiga mawe mshairi? Walimpa tuzo ya kwanza.

Tena angalieni jambo moja. Aeschylus hakuficha kosa la adui. Katika mchezo huo mzimu wa mfalme mzee Darius unatoka kaburini, unasema kwamba maafa yale yameletwa na kiburi cha mwanawe, na kwa kuyachoma mahekalu. Basi kumwonea huruma mama wa adui, na kuutaja waziwazi ubaya wa adui, ni mambo mawili yanayokaa katika nyumba moja. Anayetuambia kwamba lazima tuchague moja, anatudanganya.

Msidhani kwamba watu wa Athene walizaliwa na moyo huo. Miaka ishirini hivi kabla ya mchezo wa Waajemi, mshairi mwingine, Phrynichus, aliigiza kuanguka kwa mji wa Mileto. Ni Mileto ileile ambako Mtakatifu Paulo, karne nyingi baadaye, aliwaaga wazee wa Efeso. Mji ule ulikuwa rafiki wa Athene, nao ulitekwa na Waajemi mwaka 494. Watu wote uwanjani waliangua kilio. Kisha wakamtoza Phrynichus faini ya drakma 1000 kwa kuwakumbusha msiba wao wenyewe, wakakataza mchezo ule usichezwe tena. Mnaona? Mji ambao haukuweza kuuvumilia msiba wake wenyewe, baada ya miaka ishirini uliweza kuutazama msiba wa adui. Moyo wa watu hufundishika. Jukwaa ni mojawapo ya shule zake.

Sasa turudi kwetu, kando ya Ziwa Tanganika. Toka tarehe 30 Desemba 1998 hata siku za kwanza za Januari 1999, mamia ya watu waliuawa Makobola na katika vijiji vya jirani. Walikuwa watu wetu. Tunawakumbuka, na ni haki, maana asiyewakumbuka wafu wake amekatwa mizizi. Lakini nauliza: nani kati yetu amewahi kutunga mchezo juu ya Lueba? Mwezi wa Septemba 1996, katika kijiji cha Lueba, katika Fizi yetu hii, Banyamulenge wasiokuwa na silaha waliuawa, wengi wao wanawake na watoto. Waliowaua hawakutoka mbali. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2010 imeandika habari za Makobola na habari za Lueba katika kitabu kimoja. Karatasi iliweza kuwabeba wafu wa pande mbili. Kwa nini jukwaa letu lisiweze?

Na wale wa milimani, kule Minembwe, wasidhani kwamba namwambia Mbembe peke yake. Swali ni lao pia. Nani kwao amewaonyesha watoto mama wa Makobola akimtafuta mwanawe? Kila mlima una kilio chake, na kila mlima umeziba masikio.

Najua nitajibiwa, basi afadhali niyajibu maneno hayo mapema.

Wa kwanza atasema: "Kumlilia adui ni kuwasaliti wafu wetu." Ndugu yangu, machozi si unga wa muhogo, kwamba ukimpa jirani kopo moja watoto wako watalala njaa. Aeschylus alimzika ndugu yake, na bado aliweza kuonyesha mama wa mfalme wa Uajemi akitetemeka kwa ajili ya mwanawe. Nani atasema kwamba hakumpenda ndugu yake?

Wa pili atasema: "Wao hawatulilii sisi. Waanze wao." Haya, na wao wanasema vivyo hivyo, neno kwa neno, na kwa hiyo tunangojana tangu miaka thelathini. Mkristu anayengoja mwenzake aanze kusamehe, sijui husali nini anapofika katikati ya Baba Yetu.

Wa tatu atasema: "Watu watakasirika, na uwanja utageuka ghasia." Hofu hiyo si bure. Someni Matendo ya Mitume, sura ya 19. Mfua fedha Demetrius aliwachochea mafundi wa Efeso dhidi ya Paulo, kwa sababu mahubiri yake yaliharibu biashara ya sanamu. Watu wakakimbilia katika uwanja wa michezo, wakiwakokota Gayo na Aristarko. Uwanja ule upo hata leo, nao ungeweza kupokea watu zaidi ya 20,000. Humo walipiga kelele ile ile moja kwa muda wa saa mbili, na wengi wao hawakujua hata sababu ya kukusanyika. Basi tazameni: ni uwanja wa namna ileile, wenye viti vya mawe namna ileile. Pale Athene watu walikaa wakamsikiliza mama wa adui. Hapa Efeso walisimama wakapiga kelele moja. Sasa nawauliza watungaji wetu: michezo yenu yenye kondoo upande mmoja na chui upande wa pili, inafanana na kazi ya nani? Ni ya Demetrius. Ghasia mnayoiogopa haitaletwa na mchezo wenye machozi ya pande mbili. Italetwa na ule mnaoucheza sasa.

Tena kumbukeni nani aliyewatuliza watu wa Efeso. Ni karani wa mji. Aliwaambia kwamba mwenye shtaka aende mahakamani. Neno hilo ni la maana kwetu. Mchezo usijifanye hakimu, usitaje majina ya wauaji na kuwahukumu mbele ya umati. Kazi hiyo ina mahali pake, na sisi wa Baraka tumeiona. Mwezi wa Februari 2011 mahakama ya kijeshi ilikuja kukaa hapa mjini kwetu. Wanawake waliotendewa unyama mjini Fizi siku ya Mwaka Mpya ya 2011 walitoa ushahidi wao, na tarehe 21 Februari Luteni Kanali Kibibi Mutware alihukumiwa kifungo cha miaka 20. Watu walijaa kutazama. Hakimu alifanya kazi ya hakimu: alitafuta mwenye kosa. Lakini hakimu hawezi kumfanya mtoto wa kijiji hiki amwone mtoto wa kijiji kile kuwa mtoto. Hiyo ndiyo kazi ya mchezo, na mchezo ukiiacha, haibaki na mtu wa kuifanya.

Wa nne atasema: "Haya ni mambo ya Wazungu na ya wapagani." Ya Wazungu? Warega na Wabembe walikuwa na bwami, na wazee wake walifundisha mithali kwa kucheza na kwa kuonyesha vitu vya kuchongwa, zamani sana kabla ya kufika Mzungu. Na katika lubunga wazee walikaa wakazisikiliza pande zote mbili kabla ya kukata shauri. Kama babu zetu waliweza kuzisikiliza pande zote mbili, kwa nini wajukuu wanasikiliza upande mmoja tu?

Ya wapagani? Ni kweli, sikukuu ya Athene ilikuwa ya mungu wao wa divai. Ni kweli pia kwamba Tertullian, mwandishi Mkristu wa Karthago, aliandika kitabu kuyapinga matamasha, mwaka 200 hivi. Na siku zile, katika viwanja vya Warumi, watu waliuawa ili wengine wafurahi. Lakini Mtakatifu Paulo mwenyewe, katika barua yake ya kwanza kwa Wakorinto, sura ya 15, anatumia msemo unaodhaniwa kuwa wa Menander, mtunzi wa michezo ya kuchekesha ya Kiyunani. Na katika karne ya kumi wamonaki wa Ulaya walianza kuigiza, ndani ya sala za Pasaka, wanawake watakatifu wakifika kaburini.

Tena fikirini siku ya Ijumaa Kuu. Mateso ya Bwana husomwa kwa sauti mbalimbali: mmoja ni msimulizi, mmoja ni Kristu, wengine ni Petro na Pilato. Na sisi waumini wote, tunapewa sehemu gani? Tunapewa sehemu ya umati unaoomba Yesu asulubiwe. Kanisa lingeweza kutupa sehemu ya Bikira Maria au ya Yohane chini ya msalaba. Halikufanya hivyo. Kila mwaka mama mwema wa parokia, ambaye hajamwua hata kuku wa jirani, anafungua kinywa na kusema maneno ya wauaji. Kwa nini? Ili asirudi nyumbani akidhani kwamba wabaya ni watu wengine tu. Basi yule anayekubali sehemu hiyo Ijumaa Kuu, na siku ya Pasaka anacheza mchezo ambamo sisi hatuna kosa hata moja, hakusikia alichokisema mwenyewe.

Lipo na jambo la fedha. Gharama ya kwaya ya mchezo wa Waajemi ililipwa na kijana tajiri wa Athene, Pericles, ambaye baadaye alikuwa kiongozi mkuu wa mji. Ilikuwa wajibu wa matajiri kulipia michezo ya sikukuu. Siku hizi sisi tunangoja shirika fulani lije na gari lake, lituletee fedha, na pamoja na fedha lituletee pia neno la mwisho la mchezo. Sisemi kwamba kila kilicholetwa hivyo ni kibaya. Wakati wakimbizi walipokuwa wakirudi kutoka Tanzania, wachezaji wa Centre Lokole walipita katika Kivu Kusini na michezo ambamo mtazamaji huingia mwenyewe na kujaribu kuyabadili mambo. Hilo lilikuwa jema. Lakini mchezo unaongoja mgeni utakufa mgeni akiondoka. Kule Kenya, mwaka 1977, watu wa kijiji cha Kamiriithu, Limuru, walijenga kwa mikono yao uwanja wa kuigizia, wakacheza kwa Kikuyu mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Serikali iliuzuia mchezo, na mwaka 1982 uwanja ulibomolewa. Nguvu za serikali hazipotezwi kubomoa kitu kisicho na nguvu.

Sitawadanganya kwamba mchezo ni dawa ya vita. Mwaka 416 kabla ya Kristu watu wa Athene waliteka kisiwa cha Melos, wakawaua wanaume, wakawauza wanawake na watoto. Mwaka uliofuata Euripides aliwaonyesha wanawake wa Troy, mji wao umechomwa, wakigawanywa kama nyara, na wenye kufanya ukatili huo ni Wayunani wenyewe. Watu walitazama. Mwaka uleule walituma merikebu kwenda kushambulia Sicily, na huko waliangamia. Mchezo haukuwazuia. Lakini hakuna aliyeweza kusema kwamba hakuambiwa, tena hakuambiwa na adui: aliambiwa na mtoto wa mji wake.

Basi, ninyi watungaji na wachezaji, naomba nini? Naomba mambo machache. Katika kila mchezo wa vita, awepo mama wa upande wa pili, apewe maneno yake, wala asichekwe. Kwaya iwe ya wazee, wanaume kwa wanawake, waulize maswali tunayoogopa kuyauliza. Majina ya wauaji yaachwe kwa mahakimu. Mchezo ukiisha, watu wasitawanyike upesi. Wakae, waseme, na mzee mmoja aangalie zamu. Matajiri wa mji, wenye maduka na mitumbwi ya injini, walipe taa na mavazi. Na mkitaka mchezo uliokwisha tungwa, upo kwa Kiswahili: mwaka 1971 Samuel Mushi wa Tanzania alitoa tafsiri ya mchezo wa Sophocles, akaiita Mfalme Edipode. Ni habari za mfalme ambaye mji wake unakufa kwa tauni. Anaapa kumtafuta mwenye kosa popote alipojificha. Anauliza, anatisha, anawashuku wengine, na mwishoni anamkuta: ni yeye mwenyewe.

Sikukuu zinakuja, na vijana wameanza kujifunza maneno yao. Wapo bado wakati wa kuongeza sehemu moja. Nani atakubali kuwa mama wa Lueba?